Folda Iliyobadilishwa Jina

Desmiwarti hakuwa mtu wa kupendeka upesi, na sioni sababu ya kumpamba sasa. Ulimi wake ulikuwa mkali. Aligomba juu ya vikombe visivyooshwa, na mtu akiingia chumbani kwake na chakula alimfukuza kama anavyofukuzwa paka. Kituoni wote tulimwita Uni Des, maana kwetu mjini Payakumbuh mwanamke aliyekuzidi umri ni uni, dada yako mkubwa, umpende usimpende. Alikuwa mtunza kanda wa redio yetu. Mimi nilisoma bei za sokoni asubuhi, pilipili, vitunguu, mayai ya bata, na chumba changu kilipakana na chake. Kwa hiyo mengi ya haya niliyaona, na mengine niliyasikia kupitia ukutani.

Aliingia kazini angali msichana, akapewa chumba cha nyuma chenye makabati yaliyojaa kanda: hotuba, ngoma za harusi, wazee wakiimba hadithi ndefu za zamani. Mji wetu ni wa mvua. Kanda zilikuwa zimeota ukungu mweupe kama tempe, ile soya ya kuchachusha, iliyosahauliwa jikoni. Akaanza kuzifuta mojamoja kwa pamba, anaipiga kanda mara ya mwisho huku kompyuta inarekodi, kisha anaanza nyingine. Kazi hiyo ilimla ujana wote. Mchumba wake alingoja, akachoka, akaoa huko mji wa Pekanbaru. Yeye hakusema hata mara moja kwamba ni kwa sababu ya kanda. Ni sisi tuliosema.

Rekodi moja haikutoka kwenye kanda. Aliirekodi mwenyewe, na aliyeimba alikuwa mjomba wake, Lelo, ndugu wa mama yake.

Mjomba Lelo alikuwa mpiga zeze, na mtu asiyefaa kwa jambo jingine lolote. Alicheza domino za kamari, alichukua kuku wa jirani akasema amewaazima, na akialikwa kuimba harusini alifika wakati sahani zinakusanywa. Lakini hadithi ya dada wawili waliogombea nyumba ya mama yao, waimbaji wengine walikuwa na kipande tu. Yeye alikuwa nayo nzima. Uni Des alimbembeleza miezi mingi hadi akakubali kuja studio, Jumapili, asubuhi kweupe, jambo lililomkera sana, maana hadithi hizi huimbwa usiku.

"Kuimba mchana ni kama kula daku adhuhuri," alisema. Kisha akaitazama maikrofoni. "Na hiki kijiko unaniwekea mdomoni cha nini?"

"Cha kuchukulia sauti, Mjomba."

"Sauti yangu inavuka mto bila kijiko."

"Walio ng'ambo ya mto wameshakufa, Mjomba. Imba."

Akacheka, akakaza nyuzi, akaimba. Aliimba tangu chai ya asubuhi mpaka adhana ya magharibi, akipumzika kula na kuswali tu. Uni Des alikaa upande wa pili wa kioo, visikizi masikioni, mkono kwenye vitufe. Baadaye aliunganisha yote yakawa faili moja. Tulimwambia alikate vipande, litakuwa rahisi. Akasema likikatwa tu, kuna siku mtu atapoteza kichwa na mwingine atapoteza mkia. Kwa matangazo ya redio alitoa vipande vya nusu saa kutoka sehemu ya mwanzo, tukavipiga siku za sikukuu, katikati tangazo la dawa ya kikohozi. Mjomba Lelo hakuishi sana baada ya hapo. Tumbo lilimsumbua, akafa.

Kisha akaja mkurugenzi mpya, Pak Marjohan, yaani Bwana Marjohan, mtu wa Padang, mji mkuu wa mkoa, mwenye mashati mazuri. Siwezi kusema alikuwa mbaya. Alipenda vitu vionekane. Alikitaka chumba cha makabati kiwe studio ya kioo, wageni wakae humo na kupigwa picha.

"Si zote zimo kwenye kompyuta?" alimwuliza Uni Des.

"Zimo."

"Basi."

Kanda zikapakiwa kwenye gari la taka. Uni Des alisimama mlangoni mikono imefungwa kifuani mpaka gari likaondoka. Tangu siku hiyo kilichobaki kilikuwa kwenye seva, ile kompyuta kubwa tuliyoitumia wote, katika folda ya pamoja iliyoitwa Kanda.

Seva ikaanza kujaa. Haikujaa kwa ajili yake. Watu wa matangazo ya biashara waliweka humo video za harusi za ndugu zao na tamthilia za Kikorea, kila moja uzito wa jiwe la msingi. Jumatatu moja taarifa ya habari ikakataa kuhifadhiwa. Bei zangu za pilipili nazo zikakataa, ndiyo maana nilikuwa ofisini kwa mkurugenzi alipomwita Ferizal.

Ferizal alikuwa fundi wetu wa kompyuta. Mchana alikuwa kwetu, jioni alitengeneza simu kwenye kibanda karibu na stendi, na nyumbani alikuwa na mapacha wachanga. Sijawahi kumwona bila kupiga miayo.

"Weka kikomo," Pak Marjohan alimwambia. "Faili likizidi ukubwa fulani, seva ilikatae."

"Pak, seva yetu haijui kufanya hivyo. Naweza kuiambia folda nzima isipite kiasi fulani. Ila faili mojamoja, haina hiyo."

"Sasa mimi nimeajiri fundi au mtabiri wa mikosi? Tafuta njia."

Ferizal akajikuna shingo. "Njia ya kienyeji ipo. Naandika maagizo, mashine inayafuata yenyewe kila Ijumaa watu wakiwa msikitini. Inapita folda zote za pamoja. Ikikuta faili limezidi, inaliondoa."

"Safi."

"Inaliondoa iliweke wapi, Pak? Tukinunua diski nyingine nitayatupia huko, mwenye faili aje adai."

"Tungekuwa na diski nyingine, tungekuwa tunazungumzia kikomo?"

Hivyo ikakubaliwa kwamba kinachozidi kinafutwa.

Tangazo lilipotoka, Uni Des alilisoma akiwa amesimama. Akagonga mlango wangu. "Nil, twende kwa bosi. Usiseme kitu. Simama tu pale nyuma, ajue kuna mtu amesikia."

Nikaenda, nikasimama.

"Pak, mafaili yangu karibu yote yamezidi hicho kikomo chako."

"Yakate, Uni."

"Siyakati."

"Yabane basi. Siku hizi kila kitu kinabanwa."

"Ukiyabana, zeze linalia kama mbu. Pak umewahi kusikia zeze?"

"Uni, mimi nimezaliwa Padang, sikuzaliwa Japani." Alicheka, na kwa kweli alicheka vizuri. Akamwita Ferizal hapo hapo. "Folda ya Uni Des isiguswe. Umesikia? Isiguswe."

Neno la mkurugenzi halikumtosha Uni Des. Alimfuata Ferizal mpaka kwenye meza yake akataka kuona kwa macho. Ferizal akamwonyesha mstari mmoja katikati ya maandishi mengi: ukikuta folda inayoitwa Kanda, iruke. Uni Des akaupitia kwa kidole, herufi kwa herufi, kama mtoto wa madrasa. "Haya," alisema. "Nimeuona."

Na kweli folda yake haikuguswa. Wenye tamthilia ndio walioomboleza. Dada mmoja wa matangazo alilalamika kantini kwamba mwanaume wake wa Kikorea amekufa kabla hajaoa, tukacheka, naye akajifunza kukata video zake vipande vidogo ili zipite. Seva ikapumua. Tukasahau kwamba kuna mashine inayopita kila Ijumaa.

Mwaka uliofuata mama yake Uni Des aliteleza kisimani akavunjika nyonga. Uni Des akaomba likizo, akaenda kijijini kumuuguza. Katikati ya likizo hiyo tukaambiwa kwamba wakubwa wa mambo ya utamaduni wa mkoa wanakuja kutembelea kituo, wameambiwa tuna hazina ya sauti za kale. Pak Marjohan akafurahi kama mtu aliyepata mjukuu. Akaweka skrini kubwa kwenye studio ya kioo, akatazama folda itakavyoonekana mbele ya wageni, akakunja pua.

"Kanda," alisema. "Jina gani hili? Kama duka la mitumba. Andika Urithi wa Ardhi Yetu."

Katibu wake akabofya, akaandika. Jambo lenyewe halikuchukua hata muda wa kumeza mate.

Wageni wakaja Alhamisi. Wakakaa kwenye studio ya kioo, wakasikilizishwa Mjomba Lelo kidogo, mwanzo tu, pale anapotaja majina ya wale dada wawili. Wakapiga makofi. Mmoja alifuta macho, sijui kwa kweli au kwa adabu. Wakala gelamai, halua yetu ya mchele, wakapiga picha mbele ya skrini yenye jina jipya, wakaahidi kurudi kuchukua nakala za rekodi zote kwa ajili ya makumbusho ya mkoa.

Siku iliyofuata ilikuwa Ijumaa. Tulikwenda msikitini wote. Pak Marjohan na Ferizal walikaa safu moja, nami nyuma yao. Kituoni mashine ikapita folda baada ya folda kama ilivyoamriwa. Haikukuta folda inayoitwa Kanda. Ilikuta Urithi wa Ardhi Yetu, na humo ilikuta mafaili makubwa kuliko yote kituoni.

Tulikuwa na diski ya nakala, lakini ilikuwa kivuli cha seva tu, haina nafasi ya ziada. Kila Jumapili ilijilinganisha na seva: kilichoongezwa nayo inaongeza, kilichoondolewa nayo inaondoa. Jumapili ikajilinganisha. Jumatatu kwenye kikao Pak Marjohan akamsifu Ferizal mbele yetu, kwamba tangu aanze kazi hiyo hajawahi kuona seva ina nafasi kubwa namna hii. Tukampigia makofi. Ferizal aliinama kwa haya, akapiga mwayo.

Hakuna aliyeifungua folda ile mpaka Uni Des aliporudi. Kusema kweli, ukimwondoa yeye na siku ile ya wageni, hakukuwa na mtu aliyewahi kuifungua.

Nilimsikia akiingia, akivuta kiti, akikohoa. Halafu akabofya, akabofya tena. Nikaacha kuandika bei zangu. Akatokea mlangoni.

"Nil, folda yangu iko wapi?"

"Ipo, Uni. Wameibadilisha jina tu, kwa ajili ya wageni."

Akarudi. Nikamfuata. Alilisoma jina jipya, akaifungua folda. Ndani mlikuwa na vipande vya nusu saa vya Mjomba Lelo, vyenye tangazo la kikohozi, na milio mifupi ya kuanzia vipindi. Basi. Hotuba hazikuwepo, ngoma hazikuwepo, wazee wale wote aliowapangusa kwa pamba hawakuwepo. Nilitegemea apige kelele. Alisimama tu, akaenda kwa Ferizal, akauliza kwa sauti ya kawaida kabisa:

"Feri, ule mstari ulionionyesha. Uliandika jina la folda, au uliandika folda yenyewe?"

"Jina, Uni. Mashine inaangalia ji—" Akaishia hapo. Akaweka mikono yote miwili kichwani.

Diski ya seva na ile ya nakala zilipelekwa kwa mafundi Padang, watu wanaojua kufukua vilivyofutwa. Walirudisha baadhi ya majina ya mafaili bila sauti ndani yake. Walieleza kwamba nafasi ile ilikuwa imeshaandikiwa vitu vingine. Kilichoandikwa juu yake, sehemu kubwa, kilikuwa video ya ile ziara ya wageni, ambayo watu wa matangazo walikuwa wameikata vipande vidogo vidogo ili ipite.

Baada ya muda ofisi ya mkoa ikapiga simu kuuliza nakala zao. Pak Marjohan akaomba wapige tena mchana, akamwita Uni Des. Mimi aliniita Uni Des mwenyewe, nisimame nyuma kama siku ile.

"Uni, nikiwaambia kilichotokea watataka jina la mtu," Pak Marjohan alisema. Hakuwa na sauti ya kicheko safari hii. "Jina hilo litakuwa la Ferizal."

"Na la kwako, Pak?"

"Mimi nitaulizwa maswali. Yeye atafukuzwa. Ana mapacha, unajua." Akasogeza simu mezani. "Wewe ndiye mtunzaji. Ukisema kanda zilikuwa zimeoza tangu zamani, na mafaili yalitoka mabovu, nani atabisha?"

Uni Des akavuta kiti, akakaa kando ya simu. Ilipolia, alipokea mwenyewe.

"Ndiyo, Pak. Ni mimi mtunzaji. Ukungu, Pak. Ulizila zote. Hapana, hata ya Lelo. Mwanzo mliousikia ndio uliobaki. Samahani sana."

Akaiweka simu chini, akatoka bila kututazama. Nilisimama pale kama nilivyoambiwa. Nimefikiri baadaye kwamba ukungu ndicho kitu pekee alichokishinda maishani mwake, na siku ile alikiri kwa mdomo wake kwamba kilimshinda.

Ferizal alimwendea nyumbani Jumapili, amebeba kapu la matunda ya manggis. Nilikuwepo, nilikuwa nimempelekea mchele. Uni Des alimkaribisha, akampa chai, akakaa mbele yake.

"Uni, nimekuja kuomba radhi."

"Ulishaomba kazini."

"Pale kulikuwa na watu."

"Hapa pia yupo Nil. Kunywa chai."

Ferizal akanywa. "Uni, ungenitukana hata kidogo. Ningejisikia nafuu."

"Najua," alisema Uni Des. "Ndiyo maana sikutukani."

Ferizal akaondoka, na manggis yakakaa kwenye kapu mpaka yakaharibika. Hakuyala, hakuyagawa.

Alibaki kazini hadi muda wake wa kustaafu. Walimhamishia mapokezi, akawa anaandikisha wageni na kugomba juu ya vikombe. Siku ya kumuaga Pak Marjohan alimpa cheti chenye fremu, kwa kutunza urithi wa ardhi yetu. Maneno yale yale, sidhani hata alikumbuka yalitoka wapi. Uni Des akakipokea kwa mikono miwili, akashukuru, akakiacha juu ya meza ya mapokezi.

Niliwahi kumpa wazo ambalo nililiona zuri. Nilimwambia, "Uni, ulikuwepo siku nzima Mjomba akiimba. Umekaa na rekodi ile miaka. Si unaijua hadithi? Iseme, hata bila zeze, nikurekodi kwa simu."

Alicheka, kicheko kibaya. "Nil, nilikuwa natazama mshale wa kipimo cha sauti. Sauti isipande sana, isishuke sana, kiti kisilie, mlango usigongwe. Siku nzima natazama mshale. Maneno sikuyasikia."

"Na baadaye?"

"Baadaye kulikuwa na kanda nyingine zinaoza. Nilisema hii iko salama, nitaisikiliza nikistaafu."

Aliwatafuta watoto wa Mjomba Lelo. Walisema baba yao nyumbani hakuwahi kuimba, alikuja kulala tu. Aliwatafuta waimbaji wa vijiji vya jirani. Kila mmoja alikuwa na kipande, na vipande vilikuwa vile vile, vya mwanzo, vinavyopendwa harusini. Namna ile nyumba ilivyoishia, na nani aliipata, hakuna aliyejua. Akaacha kutafuta.

Sasa anaishi kijijini na mama yake, ambaye hawezi tena kutembea na kumbukumbu zake zinakwenda na kurudi. Redio bado hupiga vile vipande vya nusu saa kila sikukuu. Nilikuwa kwao Idi iliyopita, vikapigwa. Mama alitega sikio, akamtambua kaka yake, akatabasamu. Tangazo la kikohozi likaja, kisha kipindi kikaisha.

"Halafu wale dada?" mama aliuliza. "Ikawaje?"

"Walipatana, Mama," alisema Uni Des.

Mama akafikiri kidogo. "Lelo hakuwa anaimba habari za kupatana."

Wingu lilikuwa limeshaanza kushuka upande wa mlima, na mpunga ulikuwa umeanikwa uani. Uni Des akazima redio, akatoka kuukusanya, nami nikamfuata nikamsaidie.